Wiki sita za kwanza nyumbani na kichanga: kazi ya mama, kazi ya baba, na dalili za kukimbilia hospitali

Mama aliyejifungua salama kwa njia ya kawaida huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya saa 24 hivi. Aliyefanyiwa upasuaji hukaa siku kadhaa zaidi. Akishafika nyumbani hakuna tena muuguzi wa zamu wa kumwuliza, na kila anayeingia mlangoni anakuja na ushauri wake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa familia ya Kitanzania yenye chumba kimoja au viwili, maji ya ndoo, umeme unaokatika na ndugu wengi wenye nia njema. Msimamo wetu ni mmoja: kwa wiki sita hizo mama ana kazi mbili tu, kunyonyesha na kupona. Kazi nyingine zote zina wenyewe, na wenyewe watajwe kwa majina kabla mtoto hajafika nyumbani. Nyumba isipogawana kazi, mzigo humrudia mama, na maziwa ndiyo huanza kupungua.

Kabla hamjatoka wodini

Msiondoke kabla mkunga hajamtazama mtoto akinyonya kuanzia anaposhika titi hadi anapoliachia. Asiseme tu "ananyonya vizuri" akiwa mlangoni. Aje asimame kitandani aangalie. Hili likifanyika, matatizo mengi ya wiki ya kwanza hayatokei.

Hakikisheni pia kwamba uzito wa kuzaliwa umeandikwa kwenye kadi ya kliniki, kwa sababu ndio utakaotumika kupimia kila kitu baadaye. Mtoto awe amepata sindano ya BCG (chanjo ya kifua kikuu) na matone ya polio; kama hajapata, ulizeni siku ya kurudi. Mama apimwe presha asubuhi ya kuondoka, hata kama haikuwahi kupanda wakati wa ujauzito. Chukueni tangazo la kizazi na mhakikishe majina ya wazazi yameandikwa herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao. Kosa la herufi moja hapo litawasumbua siku ya kutafuta cheti, na tena siku ya kumwandikisha shule.

Safari ya kurudi isiwe ya bodaboda. Tafuteni gari au bajaji, mama akae nyuma, na mtu mwingine abebe mizigo ili mikono ya mama ibaki kwa mtoto.

Chumba cha mzazi

Kiwe na dirisha linalofunguka. Chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro pande zote, na mama na mtoto walale ndani yake hata wakati wa usingizi wa mchana.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani humo, hata kama mkaa umeshakolea na hautoi moshi. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyoonekana wala kunuka, na inaua watu wakiwa usingizini. Kwenye baridi ya Njombe, Mbeya au Arusha mwezi wa Julai, mtoto apashwe joto kwa kifua cha mama: avuliwe abaki na nepi, kofia na soksi, alazwe kifuani ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe wote wawili.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni vidonge vya nondo. Khanga, vitenge na nguo za mtoto zilizohifadhiwa sandukuni na vile vidonge vyeupe vya nafthalini zifuliwe na kuanikwa juani mpaka harufu iishe kabisa kabla hazijamgusa kichanga. Baadhi ya watoto huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana sana katika maeneo yenye malaria kama Pwani yetu. Mtoto mwenye hali hiyo akivuta nafthalini, chembe zake nyekundu za damu huvunjika, anapata manjano kali (ngozi na macho kuwa ya njano), na manjano kali huharibu ubongo. Kwa kuwa hamwezi kujua mapema ni mtoto yupi, vidonge hivyo visitumike kabisa kwenye nguo za mtoto.

Nepi za kitambaa ziwe 20 hadi 24. Kichanga hutumia kumi au zaidi kwa siku, na msimu wa mvua hazikauki kwa wakati. Baada ya kuanikwa zipigwe pasi pande zote mbili, hasa mishono, kwani kuna nzi wanaotaga mayai kwenye nguo zenye unyevu na mabuu yao huingia kwenye ngozi. Pasi ya moto huwaua.

Kunyonyesha

Hapa ndipo tutakaa zaidi, maana mambo mengi yanayoharibika nyumbani yanaanzia hapa.

Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Siku mbili tatu za mwanzo anapata maziwa ya mwanzo, yale mazito ya manjano. Hutoka kidogo, vijiko vichache tu, na ndicho kiasi tumbo lake linachohitaji. Yasikamuliwe na kumwagwa kwa kudhaniwa kuwa machafu: ndani yake mna kinga dhidi ya maradhi, na yanamsaidia kutoa choo cheusi cha kwanza. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya pili na ya nne. Kwa aliyefanyiwa upasuaji yanaweza kuchelewa kidogo.

Namna ya kumweka mtoto kwenye titi:

1. Mama akae ameegemea mgongo, miguu imekanyaga chini au kwenye kigoda. Mtoto ainuliwe kwa mto au khanga iliyokunjwa mpaka afikie titi. Mama asimwinamie mtoto, ataumia mgongo na titi litamchomoka mtoto mdomoni.
2. Mwili wote wa mtoto umgeukie mama, tumbo kwa tumbo. Sikio, bega na nyonga viwe kwenye mstari mmoja. Mtoto aliyelala chali akageuza shingo tu hawezi kumeza vizuri. Jaribu mwenyewe kunywa maji ukiangalia begani.
3. Pua ya mtoto ielekee chuchu. Gusisha chuchu kwenye mdomo wake wa juu, subiri aachame kwa upana.
4. Akiachama, mlete kwa haraka kwenye titi, kidevu kitangulie. Analetwa mtoto kwenye titi. Titi halipelekwi kwa mtoto.
5. Kagua: kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umebinuka nje, sehemu nyeusi ya titi inaonekana zaidi juu kuliko chini, mashavu yamejaa. Baada ya dakika moja au mbili utasikia akimeza.

Uchungu wa sekunde chache mwanzoni ni wa kawaida siku za kwanza. Ukiendelea, mtoto ameshika chuchu peke yake. Ingiza kidole kidogo kilichooshwa pembeni mwa mdomo wake, mwachishe, uanze tena. Usimvumilie kwa huruma, kwa sababu yanayofuata yanajulikana: chuchu hupasuka, mama anaogopa kunyonyesha, titi linajaa na kuwa gumu, na maziwa yasiyotoka huuambia mwili upunguze kutengeneza. Mtoto analia kwa njaa. Jirani anasema maziwa hayatoshi, linaletwa kopo au maji ya glukosi, mtoto anashiba na kulala saa nne mfululizo, titi halinyonywi, na safari hii maziwa yanapungua kweli. Maziwa ya wengi wanaoambiwa "huna maziwa" yalikatika kwa njia hiyo, na dawa yake ilikuwa kurekebisha mkao siku ya pili.

Mwachie mtoto amalize titi moja mwenyewe kabla ya kumpa la pili. Maziwa ya mwishoni ndiyo yenye mafuta zaidi. Kwenye zamu inayofuata anza na titi ambalo hakulimaliza. Baada ya kunyonya mweke begani umpapase mgongo acheue. Akicheua maziwa kidogo bila shida, si ugonjwa. Akitapika kwa kurusha kila anaponyonya, au matapishi yakiwa ya kijani, apelekwe hospitali.

Msisubiri alie ndipo anyonyeshwe. Kabla ya kulia hugeuza kichwa akitafuta, hulamba midomo, huweka ngumi mdomoni. Mtoto aliyefika kwenye kilio huwa amechelewa na hushika titi vibaya. Na mpaka arudie uzito wa kuzaliwa, akilala zaidi ya saa tatu aamshwe: mfungue nguo, mbadilishe nepi, msugue nyayo.

Titi lililojaa likawa gumu: kitambaa cha maji ya vuguvugu dakika chache kabla, kamua kidogo kwa mkono mpaka sehemu nyeusi ilainike, mnyonyeshe, kisha weka kitambaa cha maji baridi. Sehemu moja ya titi ikiwa nyekundu na yenye maumivu, na mama akapata homa, aende kituo cha afya siku hiyo, na aendelee kunyonyesha titi hilo hilo. Kuacha ndiko kunakogeuza uvimbe kuwa jipu. Chuchu iliyochubuka ipakwe tone la maziwa ya mama, ikauke kwa hewa.

Mpaka miezi 6 hakuna maji, hakuna uji mwepesi, hakuna asali, hakuna maji ya tende, hakuna dawa ya mchango. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha hata kwenye joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari. Asali ina hatari yake ya peke yake: inaweza kubeba vijidudu vinavyopoozesha misuli ya mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Kinachoruhusiwa ni dawa iliyoandikwa na mtaalamu.

Mama anayeishi na VVU naye anyonyeshe maziwa yake peke yake huku akimeza dawa zake kila siku bila kuruka, na mtoto apewe dawa ya kinga kama alivyoandikiwa. Kuchanganya maziwa ya mama na vyakula vingine miezi hii huongeza hatari ya maambukizi. Kipimo cha damu cha mtoto hufanyika kati ya wiki ya 4 na ya 6. Wengine hupimwa mapema zaidi, fuata kadi.

Ikiwa daktari ameamua mtoto atumie maziwa ya kopo, chemsha maji, yaache yapoe kwa muda usiozidi nusu saa ili yabaki na moto wa kuua vijidudu, pima vijiko kama kopo linavyoelekeza bila kuongeza maji ili yadumu, kisha yapoze. Tumia kikombe kidogo, maana chupa na chuchu yake ni vigumu kuvisafisha. Yaliyokaa zaidi ya saa mbili yamwagwe.

Utajuaje kama anashiba

Kilio hakikuambii. Nepi inakuambia. Siku ya kwanza akojoe angalau mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu; kuanzia siku ya tano au ya sita, mara sita au zaidi kwa saa 24, mkojo usio na rangi kali. Choo huanza cheusi chenye kunata, kinageuka kijani, na kufikia siku ya nne au ya tano kiwe cha manjano, laini, wakati mwingine chenye punje. Choo ambacho bado ni cheusi siku ya tano kina maana maziwa hayaingii ya kutosha: mrudisheni apimwe uzito na mkunga aangalie mkao.

Kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida, lakini kusizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa. Aliyezaliwa na kilo 3 asishuke chini ya kilo 2.7. Awe ameurudia kufikia wiki mbili, kisha aongezeke gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mtundikeni kwenye mizani ya kliniki. Kumkadiria kwa macho kumewapoteza wengi.

Kitovu

Kiachwe kikavu. Osha mikono kwa sabuni, kunja nepi ikae chini ya kitovu, na kikichafuka na choo kioshe kwa maji safi na sabuni, ukikaushe kwa kitambaa safi. Kama kituo kimewapa dawa ya kupaka, tumieni kama mlivyoelekezwa. Hakipakwi majivu, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa, mate wala unga wa dawa ya kienyeji. Hivyo ndivyo pepopunda inavyoingia, na kichanga aliyepata pepopunda hupona kwa shida sana.

Hudondoka kati ya siku ya 5 na ya 15. Matone machache ya damu siku hiyo si tatizo. Watu wengi huamini kwamba kitovu kikidondokea sehemu za siri za mtoto wa kiume atakosa nguvu za kiume ukubwani. Hakuna madhara hayo, na imani hii isiwafanye mkivute au kukikata ili kiwahi, kwa sababu kuvuta huleta damu na maambukizi. Ngozi ya kuzunguka kitovu ikiwa nyekundu, ikivimba, au kikitoa usaha na harufu mbaya, ni safari ya hospitali.

Kuoga, ngozi na macho

Asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Kuanzia hapo mfuteni kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu mpaka kitovu kidondoke, kisha mtumie beseni. Maji baridi yatangulie, ya moto yafuate, na yapimwe kwa kiwiko. Dakika tano zinatosha. Mkaushe makwapa, shingo na mapaja, maana unyevu kwenye mikunjo ndio unaoleta vipele.

Wanja usipakwe machoni wala kwenye nyusi. Aina nyingi zina madini ya risasi, na kijiti chenyewe hupeleka vijidudu jichoni. Matiti ya kichanga, wa kike au wa kiume, yanaweza kuvimba wiki ya kwanza kwa sababu ya homoni za mama; msiyakamue, yatapata jipu. Kwa sababu hiyo hiyo mtoto wa kike anaweza kutoa damu kidogo ukeni siku za mwanzo. Akinyolewa nywele, siku ya saba au arobaini, wembe uwe mpya kutoka kwenye karatasi yake.

Pale alipochomwa BCG hutokea kipele baada ya wiki chache, hutoa usaha kidogo, kikabaki kovu. Hakipakwi chochote.

Joto na namna ya kulala

Pwani, kosa la kawaida ni kumfunika kupita kiasi. Kwenye joto avae kama mnavyovaa. Kwenye baridi aongezewe nguo moja zaidi yenu. Pimeni kwa kugusa kifua au shingo kwa nyuma, kwani mikono na miguu ya kichanga huwa ya baridi siku zote. Kipimajoto cha kwapani kisome kuanzia 36.5 hadi chini ya 37.5. Feni inaruhusiwa, isimwelekee usoni.

Alale chali, kila mara, kwenye kitu kigumu na tambarare, bila mto wala blanketi zito karibu na uso. Kulala kifudifudi huongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Kama kitanda ni kimoja, alale upande wa mama, asiwekwe katikati ya wazazi, na asilale karibu na mtu aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyemeza dawa ya usingizi. Kochi ni pabaya kuliko kitanda: mama akipitiwa na usingizi hapo mtoto huteleza kwenye mkunjo wa mito.

Usiku

Kichanga hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, ila kwa vipande. Hajui usiku, na atachukua wiki kadhaa kujifunza. Kinachoweza kupangwa ni usingizi wa wazazi. Mpango unaofanya kazi kwenye nyumba nyingi ni huu: mama amnyonyeshe saa 2 usiku, kisha alale papo hapo. Baba, bibi au dada amkae mtoto chumba kingine au barazani mpaka saa 5, amcheulishe, ambadilishe, ambembeleze, na amlete kwa mama anapotaka kunyonya tu. Baada ya saa 5 mtoto arudi kwa mama, na baba ashughulikie nepi ya saa 8. Alfajiri mtu mwingine ampokee tena mama apate kipande cha pili. Taa iwe hafifu, watu wasiongee, nepi ibadilishwe pale ilipolowa sana au ina choo.

Mtoto akilia, fuateni mpangilio: njaa, nepi, joto au baridi, kucheua, kubebwa. Kilio cha jioni huongezeka mpaka karibu na wiki ya sita kisha hupungua, na mara nyingi hakina ugonjwa nyuma yake. Aliyembeba akihisi hasira inampanda amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje dakika tano, aite mwenzake. Mtoto asitikiswe kamwe. Shingo yake haina nguvu, na mtikiso wa sekunde chache unaweza kuvujisha damu kwenye ubongo. Kilio pia kisiwapeleke kwa mkata kimeo wala mng'oa "meno ya plastiki". Kazi hizo zinaua watoto kwa damu na maambukizi.

Baba, bibi na wageni

Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa baba aliyeajiriwa likizo ya siku 3, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Kenya ni wiki 2. Siku tatu ni chache, kwa hiyo zitumike kwa yale asiyeweza kuyafanya mwingine: usafiri wa kutoka hospitali, vyombo vya maji kujaa, na kuketi na ndugu kupanga zamu. Likizo ikiisha kazi zake za kudumu zibaki hizi: maji, nepi za usiku, kadi ya kliniki, na mlango.

Mlango tunamaanisha wageni. Waje jioni, kuanzia saa 10 hadi saa 12, wanawe mikono kwa sabuni, wasimbusu mtoto usoni. Mwenye mafua, kikohozi au kidonda mdomoni asalimie kutoka mlangoni. Mgeni akiuliza asaidie nini, apewe ndoo ya nepi au sufuria. Wengi hufurahi kuambiwa.

Bibi ni msaada mkubwa kuliko wote, na ugomvi mwingi huzuka pale mkwe anapolazimika kumkatalia mama mkwe. Asikatae yeye. Azungumze mwana na mama yake mzazi, mapema, kwa heshima: "Mama, hospitali wametuambia mtoto asipewe chochote ila ziwa mpaka miezi sita. Naomba utushikie mtoto mchana ili mkweo apate kulala." Anayepewa kazi ya maana hahangaiki na chupa ya maji.

Kupona kwa mama

Damu hutoka nyekundu siku za mwanzo, hufifia, na inaweza kuendelea hadi wiki sita. Pedi ibadilishwe kila saa nne hadi sita. Mwenye mshono chini ajisafishe kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma kila atokapo chooni. Aliyepasuliwa aweke kidonda kikavu na asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto kwa wiki sita. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20.

Kukandwa kunaburudisha misuli, ila maji yawe ya kuvumilika mkononi mwa anayekanda. Maji ya kuunguza hayatoi "damu chafu", yanatoa malengelenge. Tumbo lenye mshono halikandwi wala halifungwi kwa nguvu.

Chakula: mama anayenyonyesha anahitaji mlo mmoja wa ziada juu ya milo mitatu. Mtori, uji wa pilipili manga, supu ya samaki, maharage, mboga za majani na matunda vyote vyafaa. Usiachwe uji peke yake kwa arobaini nzima. Kila anaponyonyesha awe na maji karibu. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa avimalize, kwa kawaida miezi 3.

Machozi ya siku ya tatu au ya nne, bila sababu inayoeleweka, huwapata akina mama wengi na huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, au mama akakosa usingizi hata mtoto anapolala, akakosa hamu ya kumshika mtoto, akasema heri asingekuwepo, hiyo ni sonona baada ya kujifungua. Inatibika hospitalini. Asiambiwe ajikaze. Akianza kusikia sauti au kutaka kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata dakika moja, apelekwe usiku huo huo.

Dalili za kwenda hospitali bila kungoja asubuhi

Kwa mtoto:
- hataki kunyonya, au amelegea na haamki
- joto 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5
- anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika (hesabu dakika nzima akiwa ametulia), mbavu zinabonyea ndani, au anakoroma kila pumzi
- degedege, au mwili kukakamaa
- manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au manjano iliyofika viganjani na nyayoni siku yoyote. Kumwanika juani hakutibu
- utosi uliobonyea pamoja na mkojo mchache

Kwa mama:
- damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au mabonge makubwa
- kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, maumivu chini ya kifua. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua
- homa, au uchafu wenye harufu mbaya
- mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au kukosa pumzi

Nauli ya usiku itengwe tangu siku ya kwanza, na namba ya dereva anayepokea simu iandikwe ukutani.

Kliniki, cheti na kurudi kazini

Mama na mtoto waonwe ndani ya saa 48, kisha siku ya 3 hadi 7, siku ya 8 hadi 28, na siku ya 29 hadi 42. Arobaini isizuie mahudhurio haya. Ndiyo yanayogundua presha, kidonda kisichopona na mtoto asiyeongezeka. Chanjo zinaendelea wiki ya 6, 10 na 14. Kwenye hudhurio la mwisho ongeeni uzazi wa mpango. Kunyonyesha hukinga mimba pale tu masharti matatu yanapotimia pamoja: mtoto ana chini ya miezi 6, ananyonya peke yake usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Moja likikosekana, kinga haipo.

Kizazi kisajiliwe RITA, wakala wa serikali unaotoa vyeti vya kuzaliwa, ndani ya siku 90. Pelekeni tangazo mlilopewa kituoni na vitambulisho vya wazazi, na msome kila herufi kabla ya kukubali cheti.

Mama aliyeajiriwa Tanzania ana siku 84 za likizo yenye malipo, au siku 100 akiwa amezaa mtoto zaidi ya mmoja. Akirudi kazini, sheria inamruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Aombe kwa barua kabla hajarudi. Aanze kukamua wiki mbili kabla, mara moja kwa siku asubuhi titi linapokuwa limejaa. Maziwa yaliyokamuliwa yakae mezani, mahali penye ubaridi, yamefunikwa, kwa muda usiozidi saa nne; kwenye jokofu, yawekwe ndani kabisa mbali na mlango, siku tatu. Umeme ukikatika na jokofu likapoteza baridi, yahesabiwe kama yaliyokaa mezani. Yapashwe kwa kutumbukiza chombo kwenye maji ya moto, yasichemshwe jikoni, na mtoto anyweshwe kwa kikombe. Yanayobaki kikombeni yamwagwe.